Gesi, koili au induksheni? Anza na risiti yako ya umeme wa LUKU

"Habari za kazi, mtaalamu. Tunaishi Mbagala, Dar es Salaam, tuko sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mama mkwe. Tunapikia gesi. Mtungi wa kilo 15 tunajaza kwa shilingi 56,000 na unatufikisha wiki tano. Maharage, makande na supu ya makongoro nabandika kwenye mkaa koridoni. Mkaa unanigharimu kama 15,000 kwa mwezi. Mita ni yetu wenyewe, na umeme wa 7,500, ukiacha kodi ya jengo, unatupa uniti kama 61 ambazo zinatosha mwezi mzima. Mume wangu ameona Kariakoo jiko la induksheni la wati 2,000 na anasema tuachane na gesi. Mama mkwe anasema heri jiko la koili, linakubali sufuria zote. Jirani ananitisha kwamba induksheni inatoa miale kama ya eksirei, na mimi nina ujauzito wa miezi mitano. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Jioni umeme unashuka mpaka taa zinafifia. Tununue lipi?"

Dada yangu, kwanza hongera kwa ujauzito, na ahsante kwa kuniandikia na hesabu zako. Wengi huniuliza "jiko gani halili umeme" bila kuniambia mtungi unakaa siku ngapi wala uniti zinaisha lini, nikabaki kubahatisha. Wewe umenipa karibu kila ninachohitaji, na jibu lenyewe limejificha katika sentensi ambayo pengine uliiandika kwa kupitia tu: kwamba 7,500 inakupa uniti 61. Nitaifikia. Kabla ya hapo niondoe hofu ya jirani, kisha nikuonyeshe hatari halisi iliyo nyumbani kwako, kwa sababu ipo, ila siyo ile anayokutishia yeye.

Chini ya kioo cha jiko la induksheni kuna waya wa shaba uliozungushwa kama mkeka. Umeme unapita humo ukibadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na mbadiliko huo unatengeneza uga wa sumaku unaopanda na kushuka juu ya kioo. Ukiweka sufuria ya chuma, uga ule unaamsha mikondo midogo ya umeme ndani ya kitako cha sufuria. Chuma kinaikinza mikondo hiyo, na katika kukinzana huko kitako chenyewe kinapata moto. Kwa hiyo jiko halipashi sufuria. Sufuria inajipasha yenyewe. Ndiyo maana ukiiepua moto unakoma papo hapo, na kioo kinabaki na joto lile tu kilichoazima kutoka kwenye chombo.

Eksirei ni kitu kingine kabisa. Miale yake ina nguvu ya kuvunja chembe ndani ya seli, na ndiyo sababu hospitali wanakuuliza kama ni mjamzito kabla ya kukupiga picha. Uga wa jiko hili hauna nguvu hiyo hata chembe. Hauingii kwenye chakula ukakaa humo, haugeuzi mboga kuwa sumu, na unapungua haraka sana kila unaporudi nyuma. Unakuwa mkubwa zaidi pale sufuria inapokuwa ndogo kuliko duara lililochorwa kwenye kioo, au inapokaa pembeni ya duara. Basi tumia chombo kinachofunika duara, simama umbali wa mkono uliokunjwa badala ya kuegemeza tumbo kwenye jiko, na kwa ujauzito wako sina sababu ya kukukataza. Anayetakiwa kuwa mwangalifu kweli ni mtu aliyewekewa kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Huyo asimame walau sentimita 60 kutoka jiko linalowaka, na amuulize daktari wake wa moyo. Kama mama mkwe ana kifaa hicho, hilo lishughulikieni kwanza.

Sasa hatari halisi. Ni jiko la mkaa la koridoni.

Mkaa unaowaka katika sehemu yenye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka mwilini ikiwa imebeba abiria asiye na faida. Kwa mjamzito inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, naye hana pa kukimbilia. Kwa mwenye pumu, moshi na chembechembe za mkaa ndizo zinazochokoza mirija ya kupumulia. Makongoro yanakaa motoni saa tatu, nne. Wewe ndiye unayechochea, na huyo mtoto wa pili bila shaka anacheza hapo hapo karibu nawe. Kama katika barua hii ndefu utalifanyia kazi jambo moja tu, liwe hili: mkaa utoke koridoni wiki hii, uende uani penye hewa, hata kabla hujanunua kitu chochote.

Gesi ni safi mara nyingi kuliko mkaa, na sitaki mtu akudanganye kwamba zinalingana. Lakini nayo haiko bure kabisa. Moto wake hutoa naitrojeni dayoksaidi, ambayo kwa mtoto mwenye pumu inaweza kuongeza kukohoa na kukoroma kwa kifua. Fungua dirisha la jikoni kabla ya kuwasha, siyo baada ya kupaliwa. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano na unaacha masizi kwenye kitako cha sufuria, matundu ya jiko yameziba au hewa haichanganyiki vizuri: ondoa vichwa vya jiko, vipige mswaki, vikauke, virudishe. Na kwa kuwa gesi ya mitungi ni propani na butani, ambazo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini sakafuni na kujaa kama maji kwenye beseni. Tundu la hewa la juu peke yake halitoshi. Mlango unaofika chini au tundu karibu na sakafu ndivyo vinavyoitoa.

Twende kwa koili, jiko la mama mkwe. Koili ni waya wenye ukinzani mkubwa uliofichwa ndani ya bomba la chuma. Umeme unapita, waya unachemka, bomba linawiva jekundu, kisha joto linahamia kwenye sufuria kwa kugusana. Hapo pa kugusana ndipo patamu na pachungu. Mama mkwe hajakosea kusema linakubali sufuria zote, ila kukubali siyo kupika vizuri. Sufuria zetu za alumini, zikishapigwa miaka miwili mitatu, kitako kinabonyea na kuwa kama mgongo wa kobe. Inagusa koili katikati tu, kwingine kote joto linapanda hewani na kukupasha wewe. Pia koili inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa: uji ukifura huna namna ila kuiepua. Yale malalamiko ya mtaani kwamba "jiko la umeme linamaliza uniti" kwa sehemu kubwa yalizaliwa na koili na sufuria zilizobonyea.

Kuna aina moja ya koili ninayokuomba usiiingize ndani hata kama ni bei ya kutupa: ile yenye waya ulio wazi, uliolazwa kwenye mifereji ya udongo, ukiuona kabisa unavyong'aa. Chai ikifurika juu yake, au kijiko cha bati kikiugusa, umeme uko mkononi mwako. Nyumba yenye watoto watatu siyo mahali pake.

Nikiwa hapo, mwambie mume wako awe macho Kariakoo. Kuna majiko ya kioo cheusi yanayofanana na induksheni kama mapacha, lakini ndani yake mna waya unaowaka mwekundu chini ya kioo. Hayo yanaitwa ya infraredi, na kwa tabia ni binamu wa koili: yanakubali sufuria yoyote, kioo chenyewe kinaungua vikali, na yanapoteza joto zaidi. Muuzaji akiwasha jiko bila kuweka sufuria na kioo kikawa chekundu, hiyo siyo induksheni.

Sasa kwenye pesa. Kilo moja ya gesi ina joto linalolingana na uniti 12.8 za umeme. Mtungi wako wa kilo 15 basi una kama uniti 190. Lakini moto wa gesi unalamba pembeni ya sufuria na kupotea. Kwenye jiko la kawaida la nyumbani tuseme nusu ndiyo inayoingia kwenye chakula. Hizo ni uniti 95 kwa wiki tano, au 81 kwa mwezi wa siku 30. Induksheni inaingiza ndani ya sufuria asilimia 85 hivi ya umeme inaoutumia. Kwa hiyo kazi yote inayofanywa na gesi yako ingehitaji uniti 96 kwa mwezi. Koili yenye sufuria nzuri ya kitako bapa inafika asilimia 70, ungehitaji 116. Ukiwa na sufuria zile za mgongo wa kobe, hesabu inapanda zaidi ya hapo.

Chukua mfano wa lita 2 za maji ya chai, kutoka kwenye ndoo hadi yachemke. Induksheni inatumia kama uniti 0.2, dakika sita hivi kwa wati 2,000. Koili 0.25 au zaidi kidogo. Gesi inachoma kama gramu 27, ambazo kwa bei yako ni shilingi 100. Hapa ndipo pa kurekebisha hofu nyingine ninayoisikia sana, ya kwamba wati 2,000 ni nyingi mno. Wati ni kasi, siyo ulaji. Basi linalokwenda mbio likafika mapema na kuzima injini halijatumia mafuta zaidi kwa sababu tu lilikwenda mbio. Maji yakichemka unashusha hadi wati 400 au 500, na hapo jiko linapumua.

Ukiangalia hesabu hizo tu, mume wako ameshinda. Mteja wa kawaida wa TANESCO, kundi la T1, analipa shilingi 292 kwa uniti, na ukiongeza VAT asilimia 18, mchango wa REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na wa EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 inafika 356. Ndiyo maana wengi wakinunua umeme wa 10,000 wanapata uniti 28. Kwa bei hiyo, uniti 96 za kupikia ni kama 34,200 kwa mwezi, wakati gesi yako kwa mwezi ni 48,000. Anabaki na karibu 14,000 mfukoni kila mwezi, na pesa ya sufuria mpya inarudi baada ya muda.

Lakini ninyi hamko T1. Uniti 61 kwa 7,500 maana yake mnalipa shilingi 122 kwa uniti, yaani 100 pamoja na kodi na michango yake. Hilo ni kundi la D1, la matumizi madogo ya nyumbani, na mlango wake unafungwa kwenye uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi hapo uniti za juu zinauzwa ghali zaidi hata kuliko za T1, na ukiendelea kuzidi unahamishiwa T1 moja kwa moja, na hapo uniti zote zinapanda bei: za taa, za friji, za runinga, za kuchaji simu.

Basi tuone mwezi wenu baada ya kuachana na gesi. Uniti 61 za sasa na 96 za kupikia ni 157. Mara 356, ni shilingi 55,900 hivi. Leo mnatumia 7,500 za umeme na 48,000 za gesi, jumla 55,500. Umeona? Akiba yote imemezwa na kuhama kundi, na bado hamjanunua jiko, hamjanunua sufuria, na maharage yako bado yako kwenye mkaa. Muuzaji wa jiko hawezi kukwambia hili kwa sababu haijui risiti yako. Nimewahi kukaa na familia iliyohama hivyo kwa furaha, mwezi wa tatu wakawa wanamlaumu fundi kwamba kachezea mita. Mita ilikuwa nzima, walikuwa wamebadilishwa kundi.

Kwa hiyo swali lenu lihame kutoka "jiko lipi" kwenda "kipi tukipike kwenye nini". Mna nafasi ya uniti 14 kila mwezi kabla ya kugonga 75. Nafasi hiyo ni dhahabu, na pa kuitumia ni pale penye gharama na moshi mwingi: mkaa.

Ninachokushauri ununue kwanza hakimo katika majina matatu mliyoyataja. Ni sufuria la presha la umeme, la lita 6 kwa familia ya watu sita. Lina kuta zinazohifadhi joto na kifuniko kinachobana mvuke. Kwa mvuke huo maji yanafika nyuzi 110 na zaidi badala ya kuishia 100, hivyo maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva ndani ya nusu saa hivi baada ya presha kupanda. Likishapata presha linajizima, linawaka kidogo, linajizima tena. Mpiko mmoja wa maharage unakula karibu nusu uniti, makongoro yanaweza kufika moja. Ukipika mara tatu kwa wiki ni uniti 7 hadi 10 kwa mwezi. Kwa bei yako ya D1 hizo hazifiki shilingi 1,300, mahali pa mkaa wa 15,000. Na hamtoki kwenye kundi lenu. Halihitaji sufuria za kununua, linakuja na yake ndani. Utaliwasha, uende ukakae na miguu juu. Mwezi wa tano si wa kuchuchumalia mkaa.

Mambo mawili tu kulihusu. Kwa maharage na choroko usijaze kupita nusu, maana povu lake hupanda likaziba tundu la kutolea mvuke. Na mpira wa kifuniko uoshe kila baada ya kupika. Ukichanika, badilisha, usiuzungushie mfuko wa nailoni kama nilivyowahi kuona.

Gesi ibaki. Ugali, chapati, chai ya asubuhi, kukaanga samaki, vyote vinakwenda nayo vizuri, na umeme ukikatika watoto wanakula. Kuna na jambo la ugali ambalo wauzaji wa induksheni hawalisemi. Sufuria zetu hazina mikono, na kusonga ugali wa watu sita ni kazi ya bega. Juu ya meno ya jiko la gesi sufuria inatulia. Juu ya kioo inateleza, na ukiinyanyua kidogo jiko linakata moto na kupiga kelele. Ukilazimisha kwa nguvu, unaegemeza uzito wote kwenye kioo. Wanaofaulu hutumia sufuria nzito yenye mikono miwili na kuishika kwa kitambaa, au huepua na kusongea chini.

Mkiwa siku moja mmehamia T1 kwa sababu nyingine, labda mmenunua friji kubwa au pampu ya maji, hapo fungua tena hili jambo la induksheni, maana mtakuwa mmeshalipa kiingilio. Siku hiyo chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika kwenye friji, uende nayo jikoni. Sufuria za alumini sumaku itaanguka. Hizo hazitafanya kazi kabisa. Alumini haivutwi na sumaku na inapitisha umeme kirahisi mno, joto halizaliwi. Chuma cha kusubu, vyombo vya bati la enameli, na baadhi ya sufuria za chuma kisichoshika kutu zinakamata. Nasema baadhi, kwa sababu zipo zinazong'aa vizuri na sumaku haishiki hata kidogo. Pima kila moja dukani, kitakoni, siyo ubavuni. Kikaango chako cha chapati kama ni cha chuma na kitako chake ni bapa, utakipenda juu ya induksheni kuliko juu ya moto wowote. Kile chenye mgongo wa mviringo hakitakaa. Kuna na sahani za chuma zinazouzwa ili uweke chini ya sufuria ya alumini. Zinafanya kazi, ila zinageuza induksheni kuwa koili ya bei ghali.

Sijasahau umeme wenu wa jioni. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230. Ukishuka hadi 180, koili inabaki na asilimia 61 tu ya nguvu yake, kwa sababu nguvu inashuka kwa mraba wa volti. Itapika, ila utasubiri. Induksheni ina saketi za kielektroniki ndani yake. Nyingi umeme ukishuka sana hujizima na kuonyesha herufi na namba za kosa, na umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika ndipo zinapoungua. Sufuria la presha linatumia wati 1,000 hivi, halichokozi sana waya dhaifu, na unaweza kulipikia saa nne asubuhi wakati umeme umetulia. Hiyo ni sababu nyingine ya kuanza nalo.

Kitu chochote cha wati 2,000 kinavuta karibu ampea 9. Soketi nzuri ya ampea 13 inaubeba mzigo huo, lakini ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haiubebi, hata siku moja. Jiko liende moja kwa moja ukutani, na soketi hiyo isigawane na pasi wala birika la umeme kwa wakati mmoja.

Sasa, yapo mambo ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA ukiona plagi inapata moto mkononi, soketi imepiga rangi ya kahawia, taa zinafifia kila unapowasha kitu kimoja, au ukigusa sufuria unahisi kutetemeshwa. Mwambie apime waya wa ardhini kabla ya kitu kingine. Nyumba nyingi zina tundu la tatu kwenye soketi ambalo haliendi popote. Taa kufifia kila jioni mtaa mzima ni kazi ya TANESCO, siyo ya fundi. Ripotini mkiwa majirani kadhaa, mkitaja saa inapoanza.

Kwa gesi, paka povu la sabuni kwenye regyuleta na kwenye mpira kila unapobadilisha mtungi. Likitoa mapovu yanayokua, funga, usiwashe. Mpira ukiwa umekakamaa au una nyufa, badilisha leo. Mtungi usiulaze chini eti utoe iliyobaki: gesi ya maji maji itaingia kwenye mpira na kutoka na moto usioutegemea. Ukisikia harufu usiku, usiguse swichi ya taa, wala usiizime iliyowaka. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toa watu nje, na mkiwa nje piga 114 ya Zimamoto.

Na hospitali, dada. Kama umewahi kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu au kichefuchefu ukiwa karibu na ule mkaa, halafu kikapungua ulipotoka nje, usikichukulie kuwa ni mimba tu. Mweleze muuguzi kliniki kwa maneno hayo hayo, kwamba unapikia mkaa ndani. Mtoto wa pumu akianza kuvuta pumzi kwa mbavu, akashindwa kumaliza sentensi, au dawa yake ya kuvuta isimpe nafuu, mpeleke kituo cha afya usiku huo huo.

Kwa mume wako, mpe hesabu hizi azione mwenyewe, maana nia yake ni njema. Andikeni uniti zinazosomeka kwenye mita jioni ya kwanza ya mwezi, na tena baada ya wiki mbili za kupikia sufuria la presha. Mkikuta mmetumia chini ya uniti 35 kwa wiki hizo mbili, mko ndani ya D1 na mna nafasi ya kulipikia wali pia. Mkizidi, niandikie namba zote mbili pamoja na orodha ya vyombo vya umeme mlivyonavyo, tutafute kinachovuja.